Siku Isiyo na Mpagani

Kuna nchi moja, na msiniulize jina lake, kwa sababu wenyewe wamelisimamisha kwa muda mpaka serikali yao itakapothibitisha kwamba halikutokana na mizimu. Katika nchi hiyo Krismasi haianzii kanisani wala dukani. Inaanzia mtini. Kuna ule mti wa kivuli kipana ambao maua yake mekundu hutoka Desemba, na kwa sababu hiyo watu wakauita mkrismasi. Ua la kwanza likichomoza tu, nchi nzima inaanza kubishana.

Hawabishani ovyo, jamani. Ubishi wao una taratibu kuliko ibada. Kinyozi anazima mashine, mteja anabaki na kichwa kilichonyolewa upande mmoja, na mtu wa kwanza anatoa hoja ileile ambayo imekuwa ya kwanza tangu enzi za babu zao:

"Hivi ninyi mnajua kwamba tarehe ishirini na tano Desemba ilikuwa sikukuu ya jua la Warumi?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mnaabudu jua!"

"Mimi naabudu pilau," husema mtu mmoja aliyekaa nyuma, na watu hucheka kana kwamba hawajawahi kuisikia. Kisha wanaingia kwenye suala la wachungaji. Wachungaji gani wanalala nje na kondoo wakati wa baridi? Wewe umefika Bethlehemu? Sikufika, lakini nimesoma. Baada ya wachungaji inafuata kengele, kisha nyota, kisha mti wa plastiki unaouzwa na Wachina. Ikifika tarehe ishirini na tano, hakuna aliyebadilisha msimamo hata kidogo, nao wote wanakwenda kula. Kwenye Pasaka wanarudia tena, ila kwa ufupi, kama mazoezi.

Bingwa wa ubishi huu mjini alikuwa bwana mmoja aitwaye Yothamu, afisa wa Idara ya Mizani na Vipimo, mrefu, mwenye miwani ya aina mbili: ya kusomea na ya kubishia. Akivaa ya kubishia, watu walivuta viti. Alikuwa amesoma vitabu vitatu juu ya asili ya sikukuu na kutazama kwenye simu mambo mengine ambayo hayakuwa na idadi, na kwa Yothamu hakuna kitu kilichokuwa kitamu kama kumwona Mkristo mwenzake akipotewa na jibu.

Mdogo wake, Elikana, alikuwa mchungaji wa kanisa dogo kijijini walikozaliwa. Huyo naye alikuwa na majibu yake, na hayakuwahi kumpotea. Mama yao, Bibi Loisi, alikuwa amepita miaka themanini, akiishi katika nyumba ileile aliyowalelea baada ya baba yao kufariki, na mkrismasi mkubwa uani.

Ndugu hawa wawili hawakuwa wanapigiana simu. Si kwamba walikuwa na ugomvi. Hawakujua tu waseme nini. Yothamu angeshika simu, akaliangalia jina la Elikana, akawaza, nikishamwamkia, halafu? Akaiweka simu chini. Lakini kila Krismasi, chungu cha pilau kikishatengwa mekoni, walianza palepale walipoishia mwaka jana, wakabishana mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Bibi Loisi alikaa kwenye kigoda chake akimenya vitunguu, haingilii. Pilau ikiiva alisema neno moja tu: "Haya, wa jua na wa Bethlehemu, nendeni mkanawe." Nao walinawa kwenye beseni moja, wakala sinia moja, wakacheka mpaka jioni. Kesho yake Yothamu alirudi mjini akijihisi mwepesi, na hakuwahi kujiuliza ni kwa nini.

Sasa, katika nchi hiyo Mkuu wa Nchi alikuwa na desturi ya kutoa hotuba ya kufunga mwaka, saa nne mfululizo, kila wiki ya tatu ya Desemba. Mwaka mmoja, akiwa ndani ya gari anatoka kuhutubia, alimuuliza dereva wake ameionaje hotuba.

"Mzee, kwa kweli," alijibu dereva, ambaye alikuwa ametoka kubishana na walinzi, "mimi naona lile jua la Warumi wanalikuza tu."

Mkuu wa Nchi hakulala vizuri. Asubuhi iliyofuata iliundwa Wizara ya Asili ya Mambo, na waziri wake akawa Mheshimiwa Zefania Mkolokoti, ambaye alikuwa amewahi kuwa waziri wa mambo mengine yote, na hakuna jambo hata moja lililomlalamikia.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa Mkolokoti aliliambia taifa, "chanzo ni mwanzo, na mwanzo ndipo mambo yanapoanzia!" Watu walipiga makofi, maana hapo hapakuwa na la kubisha. "Serikali yenu sikivu haiwezi kukaa kimya ikiona wananchi wanafurahi bila kujua asili ya furaha hiyo. Kuanzia leo, kila furaha ije na asili yake. Itakayoonekana ina asili ya kipagani itasimamishwa, itahojiwa, itasafishwa, ndipo itarudishwa kwenu ikiwa furaha salama!"

Walipotafuta mtu wa kuongoza kazi hiyo, majina yaliyopendekezwa yalikuwa mengi, ila vinyozi wote wa mji walimtaja mmoja. Hivyo ndivyo Yothamu alivyoacha mizani na vipimo akawa Mkurugenzi wa Asili za Sikukuu, mwenye ofisi ya zulia na mhudumu wa chai.

Alianza kazi kwa moto. Siku ya kwanza aliisimamisha Pasaka, kwa maelezo kwamba jina lake lilikuwa la mungu wa kike wa Wazungu wa kale. Katekista mmoja mzee akaja ofisini kuuliza, kwa adabu kabisa, ni mungu gani huyo aliyekuwa akiitwa Pasaka. Yothamu aliangalia kwenye vitabu vyake. Kumbe maneno yale yote yalihusu jina la sikukuu hiyo kwa Kiingereza, na hata huko wenyewe wanabishana. Wizara ikaiomba radhi Pasaka kimyakimya. Siku ya pili ilikuwa zamu ya mwezi Januari, ambao hakuna ubishi kwamba umepewa jina la mungu wa Kirumi mwenye nyuso mbili. Januari ilisimamishwa asubuhi, wananchi wakaingia barabarani kushangilia, ikarudishwa jioni baada ya walimu wakuu kuuliza shule zifunguliwe mwezi gani.

Ndipo wakafika kwenye Krismasi yenyewe.

"Kuifuta hatuwezi," alisema Mheshimiwa Mkolokoti kwenye kikao, "kwa sababu Mke wa Mkuu wa Nchi anaipenda. Tuihamishe. Tuitafutie siku safi. Siku ambayo haijawahi kuguswa na mpagani yeyote."

Jambo lilionekana jepesi. Mwaka una siku nyingi, na wapagani, kwa kadiri Wizara ilivyowafahamu, walikuwa watu wachache wavivu. Yothamu na wajumbe wake wakazunguka nchi nzima kuuliza wenyeji siku walizokuwa wakisherehekea zamani, ili wazikate, na itakayobaki iwe Krismasi.

Kaskazini waliambiwa kuhusu siku za kupanda, siku za kupalilia, na siku za kuwaambia wahenga kwamba palizi imekwisha. Mashariki palikuwa na siku ya kufukuza ndege mtamani, na siku ya kuwaomba radhi ndege hao. Ziwani watu walikuwa na siku ya mvua kuanza, ya mvua kuchelewa, na ya mvua kuzidi. Na kwa kuwa wote hao walihesabu kwa mwezi wa angani, sikukuu zao zilikuwa zikihamahama kila mwaka, zimekanyaga kila tarehe kama mbuzi walioingia shambani. Mahali pamoja Yothamu alipata matumaini. Walimwambia kwamba kulikuwa na siku moja ambayo hawakufanya kitu chochote kabisa.

"Hamkucheza ngoma?"

"Hatukucheza."

"Hamkumwaga pombe chini, hamkuchinja?"

"Hata kuku. Siku hiyo tulikuwa tumekaa tu."

"Kwa nini mlikuwa mmekaa?"

"Si ilikuwa siku ya mizimu kupumzika?"

Mjumbe mmoja akaikata tarehe hiyo huku machozi yanamlengalenga.

Walirudi mjini hawana siku hata moja. Wizara ikawa kama msiba. Ndipo Yothamu, akiwa anakoroga chai ofisini, alipopatwa na lile wazo. Aliinuka, akavaa miwani ya kubishia, akaingia kwenye kikao cha Waziri na kamati bila kubisha hodi.

"Mheshimiwa! Tarehe ishirini na tisa Februari!"

Waziri aliinua macho kutoka kwenye makaratasi.

"Wapagani wetu walihesabu kwa mwezi na kwa mavuno. Hakuna mzimu hata mmoja katika nchi hii uliowahi kusikia habari za mwaka mrefu!"

Mheshimiwa Mkolokoti alimkumbatia. Mjumbe mmoja wa kamati, kijana msomi, alikohoa na kusema kwamba, kwa jinsi alivyosoma, hata mwaka mrefu wenyewe uliwekwa na mtawala wa Kirumi, naye alikuwa mpagani wa kutupwa. Mjumbe huyo akateuliwa palepale kwenda masomoni nchi za mbali, na kikao kikaendelea.

Tangazo likatoka, limepambwa juu kwa nembo ya Taifa, ambayo ni jua linalochomoza. Hilo hakuna aliyeliona Wizarani. Krismasi sasa itakuwa tarehe ishirini na tisa Februari, kila inapopatikana. Tarehe ishirini na tano Desemba itakuwa siku ya kawaida, na watu watakula chakula cha kawaida kwa sura ya kawaida. Na zaidi ya yote, mjadala umefungwa. Atakayebisha, au atakayekubali kwa sauti ya kubisha, atashughulikiwa.

Yothamu alipewa gari. Akasema, gari hili safari yake ya kwanza liende kwa mama.

Alimkuta Bibi Loisi uani anapepeta mchele, na Elikana amekuja kumletea maji. Yothamu alikaa kwenye kiti walichompa, kile cha wageni, akaeleza kila kitu vizuri, jinsi alivyozunguka, jinsi alivyofikiri, jinsi Waziri alivyomkumbatia.

"Kwa hiyo Krismasi ipo palepale, mama. Imesogezwa tu."

"Imesogezwa mpaka lini, baba?"

"Februari."

"Hii inayokuja?"

"Hii haina tarehe hiyo."

"Basi ya mwaka unaofuata."

"Hiyo nayo haina, mama. Ni ile ya..." Yothamu alianza kuhesabu kwa vidole, akaona vidole vinaongezeka, akauficha mkono mfukoni.

Bibi Loisi aliuweka ungo wake chini. Hakukasirika. Alimtazama mwanawe kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Yothamu mwanangu," alisema, "hizo Februari zote mimi nitazitoa wapi?"

Ndiyo kwanza hilo likampitia Yothamu akilini, yeye aliyezunguka nchi nzima akihesabu siku za watu wote. Alijisikia vibaya sana, na mtu akijisikia vibaya hutafuta pa kujiegemeza, kwa hiyo akamgeukia mdogo wake.

"Na wewe, Mchungaji, huna la kusema? Sema basi! Niambie nimekosea!"

"Serikali imeshasema, kaka," Elikana alijibu taratibu. "Mjadala umefungwa."

"Lakini huoni kwamba ushahidi wa wale wachungaji wa kondoo..."

"Mimi ni raia mwema, kaka." Kisha akamletea chai, akampa kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anavyopewa mkaguzi kutoka makao makuu. Yothamu aliinywa chai hiyo yote na hakuisikia ladha. Angependa zaidi kama mdogo wake angemmwagia.

Miezi ikaenda, Desemba ikafika, na serikali ikagundua kwamba ilikuwa imemsahau mhusika mmoja. Mikrismasi ikatoa maua. Ilitoa mbele ya Bunge, ilitoa mbele ya Mahakama, na ule uliopandwa na Mheshimiwa Mkolokoti kwa mkono wake mwenyewe mbele ya Wizara ulitoa kuliko yote.

"Mti huu unachochea," alisema Mheshimiwa akiwa dirishani. "Umejulishwa kuhusu Februari?"

Afisa Misitu alieleza kwamba miti haina utaratibu wa kupokea taarifa. Ikaamriwa basi ivalishwe magunia, nchi nzima, mpaka tarehe yake halali. Vijana wa kazi wakapanda na kamba, na kufikia mwisho wa wiki mji ulikuwa umejaa mizigo mikubwa ya magunia iliyosimama kando ya barabara kana kwamba inasubiri lori, na kila mzigo una wekundu unaochungulia kwenye matundu.

Mji ukawa kimya. Yothamu alikwenda kwa kinyozi wake, akanyolewa pande zote mbili kwa mara moja bila mashine kuzimwa, akamaliza kabla hajatulia kitini. Watu walikuwa wamekaa kwenye benchi wanatazama viatu vyao. "Habari za leo?" "Nzuri." Basi. Mzee mmoja alikamatwa stendi kwa kusema kwamba jua la leo ni kali. Aliachiwa mvua iliponyesha. Mkuu wa Nchi akatoa hotuba yake, na mara hii watu waliisikiliza yote, saa nne, na walipoisikiliza walianza kuielewa, jambo ambalo lilileta matatizo mengine ambayo hayahusiani na hadithi hii.

Siku chache kabla ya tarehe ishirini na tano ile ya kawaida, Mkurugenzi Msaidizi aliingia ofisini kwa Yothamu, mtu mzito asiye na utani, akafunga mlango.

"Mkurugenzi, naomba kibali cha safari ya ukaguzi. Nina taarifa kwamba kuna raia anapanga kusherehekea."

"Nani?"

"Mama yangu."

Yothamu akavua miwani.

"Yule mama simwamini kabisa, Mkurugenzi. Nimemfahamu muda mrefu. Akiachwa peke yake siku ile, anapika."

Akapewa kibali. Nyuma yake aliingia mhasibu, mwenye wasiwasi na bibi yake aliyemlea. Nyuma ya mhasibu, mhudumu wa chai, ambaye shangazi zake wote walikuwa watu hatari. Kabla ya saa saba mchana foleni ilikuwa imefika ngazini, kila mmoja amekuja kumshtaki mzazi wake kwa uchungu. Mheshimiwa Mkolokoti mwenyewe alipiga simu kusema kwamba yeye ataongoza ukaguzi kwa wakwe zake, bila kujali usalama wake, na kwamba zoezi zima lipewe jina la Operesheni Chungu Kitupu.

Stendi siku hiyo ilijaa wakaguzi. Walikuwa wamebeba mchele, mafuta, vitenge, na watoto waliovalishwa nguo mpya mpaka viatu. Askari akiuliza, walijibu kwamba hivyo ni vielelezo. Naye askari aliwasaidia kupakia haraka, kwa sababu zamu yake ilikuwa inaisha na yeye pia alikuwa na mama wa kukagua.

Wa mwisho kutoka Wizarani alikuwa Yothamu. Alijiandikia kibali chake mwenyewe, akakigonga muhuri, akakisoma mara mbili. Alijiambia kwamba yeye hasa ndiye anayekwenda kukagua kweli, tofauti na wale wengine. Kisha akapitia dukani kununua iliki.

Alifika kijijini asubuhi ya tarehe ishirini na tano. Kitu cha kwanza alichokiona ni mti wa mama yake, mwekundu juu mpaka chini, hauna gunia hata moja. Magunia yalikuwa yametandikwa uani na mchele umemwagwa juu yake unachambuliwa.

"Mama, haya ni mali ya serikali."

"Mazuri," alisema Bibi Loisi. "Hayana tundu kubwa. Karibu, baba."

Elikana alikuwepo. Alikuwa ametoka kuongoza ibada ya kuombea mvua, ambayo ilikuwa imejaa hadi nje na kwa bahati zikaimbwa nyimbo zote za Mtoto kuzaliwa horini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Za safari?"

"Nzuri."

Wakakaa. Chungu kilikuwa mekoni, mchuzi unachemka, harufu ya vitunguu na iliki inazunguka ua wote. Yothamu alitazama kuku. Elikana alitazama kuku yuleyule. Yothamu alikohoa, na Elikana akamwambia pole. Bibi Loisi alikatakata vitunguu vyake vya kachumbari, akimaliza kimoja anawaangalia, anachukua kingine. Alimimina mchele chunguni, akakoroga, akafunika, akawaangalia tena.

"Mbona mmekaa kama mko hospitali?"

"Tunasubiri chakula, mama," alisema Elikana.

"Chakula hakisubiriwi hivyo. Yothamu."

"Naam, mama."

"Sema ile ya jua."

"Ipi?"

"Ile ya kila mwaka. Ya Warumi."

"Mama," alisema Yothamu, "mjadala ule umefungwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyeufunga."

"Aliyefunga si ndiye mwenye ufunguo? Fungua." Aliyasukuma maganda ya vitunguu pembeni kwa mguu. "Mimi sijawahi kuelewa huyo Mrumi wenu alitaka nini na jua, na wala sitaki kuelewa. Lakini nikiwasikia hapo nyuma yangu mnapiga kelele, najua wanangu wote wawili wamefika. Huu ukimya wenu wa leo unanitisha. Nikishaondoka mtakuwa hivi hivi?"

Elikana aliokota ganda la kitunguu, akalikunja.

"Hata babu yenu, mzaa baba yenu, hakuwa amebatizwa yule," aliendelea Bibi Loisi, sauti imerudi ya kawaida, kama anayeeleza bei ya chumvi. "Mti huu ukitoa maua alimwita ndugu yake kutoka ng'ambo ya mto. Wanakaa hapo hapo mlipokaa, wanagombana kila kitu cha mwaka mzima mpaka chungu kiive. Ilikuwa ndiyo desturi. Aliyeondoka kabla chungu hakijaiva, huyo hakuhesabiwa ndugu tena. Wamisionari walipokuja walituletea Yesu na nyimbo nzuri. Kugombana walikukuta hapahapa."

Yothamu alipiga hesabu. Alikuwa amezunguka nchi nzima, kaskazini, mashariki, ziwani, akiwawinda wapagani kwenye kengele na kwenye nyota na kwenye mwezi Januari, na kumbe mpagani mkubwa kuliko wote alikuwa anatembea naye mdomoni kila Desemba. Ibada na nyimbo, alivyovisimamisha, vililetwa na Wakristo. Alichokuwa akikifanya yeye ndicho kilikuwa cha mizimu. Kwa mujibu wa kanuni alizozitunga mwenyewe, Mkurugenzi wa Asili za Sikukuu alipaswa kusimamishwa mara moja, ahojiwe, na asafishwe.

Alimtazama mdogo wake. Elikana alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima, ila pembe ya mdomo wake ilikuwa inacheza, vilevile kama ilivyokuwa ikicheza zamani walipokuwa wamevunja kitu na mama hajajua bado. Yothamu aliikumbuka pembe hiyo ya mdomo kwa uchungu. Alikuwa ameikosa mwaka mzima, na miaka mingine yote alikuwa akisafiri siku nzima kuja kuitafuta, na akajidanganya kwamba amekuja kutetea ukweli.

Akaingiza mkono kwenye koti. Akatoa miwani ya kubishia, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Mchungaji," alisema, "hivi wewe unajua kwamba tarehe ya leo ilikuwa sikukuu ya jua la Warumi?"

Elikana akainua kichwa taratibu.

"Kwa hiyo, kaka?"

"Kwa hiyo mnaabudu jua!"

"Sisi? Nani mwenye jua kwenye nembo ya barua zake zote, ni mimi au ni Wizara yako?"

Hiyo ilikuwa mpya. Miaka yote haikuwahi kuwepo, na Elikana alikuwa ameitunza tangu siku ya tangazo, imemkaa kooni miezi yote hiyo.

"Hilo ni jua jingine!" alipiga kelele Yothamu. "Hilo ni la maendeleo! Tusitoke kwenye mada! Wachungaji gani wanalala nje na kondoo wakati wa baridi?"

"Wewe umefika Bethlehemu?"

"Sikufika, lakini nimesoma!"

Wakasimama wote wawili, wananyoosheana vidole. Ng'ambo ya ua, nyumbani kwa jirani ambaye mwanawe ni mkaguzi wa daraja la pili, watu wakasogea uani kusikiliza. Halafu sauti nzito ikauliza kwa hasira suala la kengele. Nyumba ya tatu wakaamka na nyota. Haikupita muda, kijiji kizima kilikuwa kinagombana, na katika moshi wa meko zake zote hapakuwa na chungu kimoja kilichokuwa kitupu.

Bibi Loisi alifunua kifuniko, akachota punje chache kwa ncha ya mwiko, akaonja. Pilau ilikuwa imebakiza kidogo sana kuiva. Aliwatazama wanawe, jasho linawatoka, wanarukiana maneno, hakuna hata mmoja anayemwona. Akafunika chungu, akainama, akachomoa ukuni mmoja mekoni na kuuzima majivuni, kisha akachomoa na wa pili.

"Bado," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza, akarudi kukaa kwenye kigoda chake.